Pima Uelekeo Kabla ya Kulegeza Bolti

Mimi ni fundi wa minara. Kwa miaka kumi na sita riziki yangu imetoka kwenye ngazi za chuma: kufunga antena, kuzishusha, kupaka rangi, kubadilisha taa za juu. Kituo ninachotaka kukisimulia nilikipanda nikiwa na spana mkononi. Nililipwa kukibomoa, na nilikuwa nimeshaanza kukibomoa kabla sijajua ni kitu gani.

Kilikuwa kituo cha zamani cha kupokezana mawimbi ya maikrowevu, juu ya kilima, kilichozimwa miaka mingi. Mwenye ardhi alitaka eneo lake, mkandarasi alitaka chuma chakavu, nasi mafundi watano tulitaka kumaliza kabla ya mvua. Mnara wa miguu minne, mita 58. Chini yake kijumba cha zege chenye vyumba vitatu: cha mitambo, cha betri na cha jenereta. Juu kabisa pembe mbili kubwa za chuma, kila moja na urefu wa kama mita 6, mdomo wake mpana umeangalia mbali, moja mashariki na moja magharibi. Chini ya pembe hizo madishi mawili, kubwa na dogo.

Tulianza na madishi kwa kuwa yalikuwa chini na yalikuwa mepesi. Siku ya pili jioni yote mawili yalikuwa yamelala kwenye majani. Siku ya tatu mvua ya ghafla ikatuingiza chumba cha betri, na hapo, kwenye rafu nyuma ya mlango, nikaona daftari lenye jalada gumu lililoliwa na unyevu pembeni. Juu yake palikuwa na maneno mawili: Kitabu cha 9. Nikafungua katikati. Mwandiko mdogo, ulionyooka, kalamu ya wino wa buluu:

"04:20 Magharibi imefifia. Dishi la chini limeshika. 04:26 imerudi."

Nikageuka kuangalia nje. Dishi la chini lilikuwa palepale, limelala kifudifudi kwenye matope, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika lilikuwa limeangalia wapi.

Sijui kueleza vizuri kilichonipata. Nimeshusha antena nyingi, na kila antena niliyoshusha kabla ya hapo ilikuwa mzigo tu. Hii ilikuwa na mtu nyuma yake, mtu aliyekuwa macho saa kumi na dakika ishirini usiku, aliyeona mawasiliano yanakatika, akaona dishi hili linayaokoa, akaandika. Na mimi nilikuwa nimelifungua kwa dakika arobaini, nikalishusha kwa winchi.

Nikaenda kwa mkandarasi kuomba siku kumi za kupima na kupiga picha kabla hatujagusa pembe. Alikubali kwa sharti kwamba siku hizo hazilipwi. Nikakubali. Niliamini siku kumi zinatosha kuandika historia ya kituo kimoja. Ilinichukua karibu miaka mitatu, na kama pembe zile zilibaki juu muda wote huo, sifa si yangu: mvua iliharibu barabara ya kilimani, winchi kubwa ikapelekwa kazi nyingine, kisha mwenye ardhi na mkandarasi wakaanza kuvutana juu ya malipo. Anayefikiria kufanya kazi kama hii asitegemee bahati ya namna hiyo. Chuma kikishapata mnunuzi, huondoka ndani ya siku moja.

Kwanza ilinibidi nielewe kituo kinafanya nini, maana mimi nilijua kufunga na kufungua tu. Mawimbi ya maikrowevu husafiri kwa mstari, kama mwanga wa tochi, na dunia ni mviringo. Kwa hiyo mazungumzo ya simu au picha za televisheni zinazotoka mji mmoja kwenda mwingine ulio mbali lazima zirushwe kilima hadi kilima, na kila kilima kinapokea, kinakuza nguvu, kinabadilisha masafa (idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde) kidogo, kinarusha mbele. Nguvu yenyewe ni ndogo ajabu. Mitambo ya kwanza ya gigahezi 4 iliyotumika Marekani ilirusha kama nusu wati, pungufu ya balbu ya tochi nzuri. Kazi kubwa inafanywa na pembe: inabana wimbi hadi linakuwa na nguvu kama mara elfu kumi upande mmoja tu. Ndiyo maana uelekeo ndio kila kitu. Kituo cha kupokezana ambacho hujui kiliangalia wapi ni sawa na barua isiyo na anwani.

Basi nikaanza kutafuta anwani. Madishi mawili yalikuwa yameshashuka, lakini chuma kina kumbukumbu yake. Rangi ya mnara ilikuwa imechujuka kwa jua kila mahali isipokuwa pale vishikizo vilipoufunika mguu, na hapo ilikuwa nyekundu kama ya jana. Vishikizo vilikuwa vimeacha pia mikwaruzo kwenye bomba la kufungia dishi. Kwa kulinganisha alama hizo na mashimo ya bolti niliweza kukadiria dishi kubwa liliangalia kama nyuzi 260 kutoka kaskazini. Makadirio tu, na nilijua.

Kwa pembe za juu nilijiona niko salama, zilikuwa bado zipo. Nikapanda na dira, nikasimama kwenye jukwaa kando ya pembe ya magharibi, nikasoma 254. Nikaandika kwa wino. Nikachora mstari kwenye ramani.

Hapo nilifanya makosa mawili kwa pumzi moja, na yalinigharimu miezi minne. La kwanza, dira inayosomwa karibu na tani kadhaa za chuma husoma chuma. La pili, hata ukiwa mbali na chuma, sindano inaonyesha kaskazini ya sumaku, na michoro na leseni za vituo huandikwa kwa kaskazini ya kweli. Tofauti kati ya hizo mbili hubadilika kutoka mahali hadi mahali na mwaka hadi mwaka. Uelekeo halisi wa pembe ile ulikuwa 262. Nyuzi 8 zinaonekana ndogo ukizitazama kwenye dira, lakini kituo jirani kilikuwa umbali wa kilomita 48, na huko mwisho wa mstari nyuzi 8 ni karibu kilomita 7. Nilikuwa natafuta kwenye kilima kingine kabisa.

Na mbaya zaidi, nilipata. Kilima nilichokifikia kilikuwa na misingi minne ya zege, imepangwa mraba, bolti zimekatwa. Nilifurahi hadi nikapiga simu nyumbani. Nikaandika rasimu ya kwanza, nikaituma kwa watu watano, nikisema kituo jirani kimepatikana. Ilinisaidia kuamini kwamba kilima hicho kilikuwa kwenye mstari ulionyooka kati ya miji miwili mikubwa, na mimi nilidhani njia ya maikrowevu lazima inyooke. Wiki kadhaa baadaye nilirudi kupima misingi ile vizuri, na mama mmoja aliyekuwa akipita njia akanisalimu na kuuliza ninapima nini. Nilipomweleza akasema, "Hapo palikuwa na tangi la maji, mwanangu. Tumekunywa maji yake." Ilinibidi niwaandikie wale watu watano, mmoja mmoja.

Kuhusu mstari ulionyooka, nilikuja kujua kwamba waliobuni njia hizi waliupinda makusudi. Masafa hupokezana: kituo kinachopokea kwa masafa ya chini hurusha kwa masafa ya juu, kinachofuata kinafanya kinyume. Maana yake kituo cha tatu mbele yako kinasikiliza masafa yaleyale unayorusha wewe. Vikiwa kwenye mstari mmoja, siku ambayo hewa inabeba wimbi mbali kuliko kawaida, sauti yako itavuka jirani yako na kumwingilia huyo wa tatu. Kwa hiyo vilipangwa kwa kupindapinda, kushoto kidogo, kulia kidogo. Ukiona njia imenyooka mno kwenye ramani yako, ikague tena.

Njia ya kupima niliyoishia nayo ni ya bei rahisi na ningependa kila fundi aijue. Teremka. Ondoka mbali na mnara, mita 300 au zaidi, hadi usimame mahali ambapo mdomo wa pembe unakutazama sawasawa, kingo zake mbili zikiwa sawa machoni. Weka alama ya mahali hapo kwa simu inayosoma mahali kwa setilaiti (GPS), weka alama nyingine katikati ya miguu ya mnara, kisha hesabu uelekeo kati ya alama hizo mbili. Kwa mita 300, kosa la mita 5 linakupotosha nyuzi 1 tu. Fanya mara tatu kwa siku tofauti. Mimi nilipata 261, 262 na 262.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kwenye nyaraka, ambako ningepaswa kuanzia. Kila kituo kinachorusha mawimbi kina leseni, na leseni huandika mahali, urefu wa antena, uelekeo, masafa na aina ya mnaso, yaani kama wimbi limesimama au limelala. Ofisi niliyoiendea ilinirudisha mara tatu. Mara ya kwanza faili halikuonekana, mara ya pili mhusika hayupo, mara ya tatu nikaambiwa nyaraka za zamani zilitupwa wakati wa kuhama jengo. Mara ya nne niliacha kuuliza kwa jina la kituo nikauliza kwa masafa. Faili likatoka siku hiyohiyo. Lilikuwa limepangwa chini ya kampuni iliyomiliki njia nzima, si chini ya kilima.

Ndani yake nilikuta leseni ya kituo changu na za majirani zake wawili. Namna ya kuhakikisha kwamba leseni mbili ni za majirani kweli ni kuzisoma zikitazamana: masafa anayorusha huyu lazima yawe yaleyale anayopokea yule, na uelekeo wa mmoja uwe kinyume cha mwingine. Zilikubaliana. Angalizo moja tu: viwianishi vya zamani, yaani namba zinazoonyesha mahali, vilitolewa kwenye ramani zilizokadiria umbo la dunia tofauti na setilaiti za leo, na ukiviingiza kwenye simu kama vilivyo vinaweza kukusogeza mita mia kadhaa. Usikate tamaa ukifika na kukuta kichaka. Zunguka.

Dishi dogo nililolishusha siku ya kwanza leseni ililimaliza kwa mstari mmoja: lilipeleka picha za televisheni kwenye mtambo wa kurushia uliokuwa umbali wa kilomita 19. Lile kubwa ndilo lililonisumbua. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika kwamba magharibi kulikuwa na njia mbili, moja ya pembe kwa 254 na moja ya dishi kwa 260, nami nikawa natafuta kituo cha pili kisichopo. Aliyenitoa huko ni mzee aliyeandika daftari.

Nilimpata kwa herufi za jina lake, zilizorudiwa kila baada ya zamu. Nilizipeleka kwa wastaafu wa shirika la simu, zikapita mikononi mwa watu kama sita hadi mmoja akasema huyu namjua, bado yupo. Mazungumzo ya kwanza niliyaharibu. Nilikwenda na maswali yaliyochapwa: aina ya mitambo, namba za mitambo, idadi ya chaneli. Alijibu kwa heshima kwa saa nzima, akachoka, nami nikaondoka na orodha ambayo ningeipata kwenye vitabu. Sikuwa nimepeleka hata daftari.

Mara ya pili niliweka Kitabu cha 9 mezani, nikanyamaza. Alivaa miwani. Akapitisha kidole kwenye mistari kwa muda mrefu, akasimama kwenye ukurasa ule niliouonyesha.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Usiku huo haukuwa na upepo."

Nikasema, "Mzee, nilidhani ilikuwa dhoruba."

"Dhoruba haikunitisha, mwanangu. Mvua masafa yetu yaliipita. Mimi nilichokiogopa ni usiku mtulivu. Nyota zote nje, ziwa limelala kama kioo, hata jani halitikisiki. Hapo najua kabla ya alfajiri kengele italia."

Akanieleza kwa mikono yake miwili. Usiku mtulivu hewa hujipanga tabaka, ya baridi chini na ya joto juu, na wimbi linapinda linapopita humo. Linafika kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na moja iliyopinda au iliyogonga maji ya ziwa lililo katikati. Zikifika zikiwa zimepishana nusu wimbi, zinauana. Kwa gigahezi 4 wimbi zima ni sentimita 7.5, kwa hiyo tofauti ndogo tu ya njia inatosha. Lakini mahali zinapouana juu ya mnara si mahali zinapouana mita kumi chini yake. Ndiyo sababu njia zinazovuka maji zilifungiwa antena mbili zikiangalia jirani yuleyule, moja juu na moja chini, na mtambo ulichagua iliyo hai. Dishi la chini halikuwa njia ya pili. Lilikuwa jicho la pili la njia ileile.

Nilikuwa nimekishusha kitu hicho bila kujua, nikamwambia. Hakusema neno la kunilaumu. Aliuliza kama lilikuwa bado na kifuniko chake cha mbele, nikasema ndiyo, akatikisa kichwa taratibu, akasema walikipandisha wao wenyewe kwa kamba.

Ni yeye pia aliyenirekebisha tarehe. Kwenye kabati la mitambo kulikuwa na bamba dogo la chuma lenye mwaka 1972, na daftari nililokuwa nalo linaanza mwaka huohuo, kwa hiyo niliandika kwamba kituo kilianza 1972. Alicheka kidogo akanionyesha jalada: Kitabu cha 9. "Na vile vinane vingine tuliandika tukiwa wapi?" Bamba lilikuwa la mitambo ya transista iliyochukua nafasi ya mitambo ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani. Kituo kilikuwa na umri wa karibu miaka kumi zaidi. Tarehe kwenye mtambo inakuambia mtambo ulitengenezwa lini, basi. Ya kituo itafute kwenye hati ya ardhi, kwenye leseni ya kwanza, kwenye picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni.

Na alisimulia kwamba kabla ya mnara kujengwa, wapimaji walipanda vilima vyote viwili na vioo. Mmoja anamulika jua kwa kioo, mwingine anatafuta mng'ao kwa darubini. Ukionekana, njia ipo.

Alifariki wiki tano baada ya siku hiyo. Nilikuwa na maswali mengine, na rekodi ya mazungumzo ya kwanza ilikuwa kwenye simu iliyoingia maji kabla sijaihamisha. Ya pili ninayo, kwa sababu siku hiyo nilikwenda na kinasa sauti cha kuazima na jioni ileile nikaweka nakala sehemu mbili. Ningependa kusema nilijifunza kwa njia nyingine.

Katika kutafuta nafasi ya kituo hiki kwenye historia kubwa, nilirudi nyuma hadi 1931, pale mawimbi ya takriban sentimita 18 yaliporushwa kuvuka bahari kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, kwa majaribio. Novemba 1947 njia ya New York hadi Boston ilifunguliwa ikiwa na vituo saba katikati. Agosti 1951 njia iliyovuka Marekani nzima ikaanza kubeba simu kwa vituo 107, na mwezi uliofuata, tarehe 4 Septemba, ikapeleka hotuba ya Rais Truman aliyoitoa San Francisco kwenye televisheni za pande zote mbili za nchi. Hadi hapo niliona ni tarehe tu. Kisha nikasoma asili ya pembe zangu. Umbo lile, pembe inayopanda wima na kioo cha chuma kilichoinama juu yake, lilibuniwa katika maabara za Bell, za kampuni ya simu ya Marekani, miaka ya 1940 na Harald Friis na Alfred Beck kwa ajili ya kazi hii ya kupokezana. Pembe ya ukoo huohuo, kubwa zaidi, ilijengwa Holmdel, New Jersey, na mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson wakasikia ndani yake mvumo usioisha, upande wowote walioigeuzia. Wakafukuza njiwa, wakasafisha kinyesi, mvumo ukabaki. Ulikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na mwaka 1978 wakapewa Nobel. Usiku niliposoma hayo nilikaa kitandani nikifikiria pembe zangu mbili, jinsi zilivyo kimya kwa sababu tu hakuna anayezisikiliza.

Watu wa karibu na kilima waliniambia kwa uhakika kwamba kilikuwa kituo cha jeshi cha kusikiliza simu za watu. Ukuta mnene, milango ya chuma, hakuna madirisha. Nami niliandika hivyo kwenye rasimu ya kwanza, kwa kuwa ni hadithi tamu. Marekani kweli wakati wa vita baridi baadhi ya vituo vya simu vilijengwa kwa zege la kustahimili mlipuko, na uvumi wa namna hii una mahali ulipotoka. Lakini kwenye daftari langu, kurasa mia mbili na kitu, hakuna siri yoyote. Kuna mafuta ya jenereta, maji ya betri, taa ya juu imeungua, shinikizo la hewa kavu kwenye mabomba ya mawimbi limeshuka, limepandishwa. Madirisha hayakuwepo ili joto na vumbi visiingie kwenye mitambo.

Kuna jambo ambalo nisingependa mtu alirudie, nalo ni la mwili. Siku kumi zile za kwanza nilifagia chumba cha mitambo nikiwa na kitambaa tu puani. Vigae vya sakafu vya enzi zile vingi vina asbesto, rangi ya mnara ina madini ya risasi, kinyesi cha ndege kikavu kina vimelea vinavyoingia mapafuni, na seli za betri za vioo bado zilikuwa na asidi chini. Nilikohoa majuma matatu. Vigae visivyovunjika viache kama vilivyo. Rangi usiikwangue bila barakoa ya kweli. Hakikisha kwanza kwamba hakuna mtambo wowote mpya uliopangishwa kwenye mnara ule na bado unarusha mawimbi. Usipande peke yako, hata kama ni fundi. Kutu huanza ndani ya bomba la ngazi, hutaiona. Na kabla ya yote pata ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi. Mimi niliipata kwa mdomo, na walipoanza kuvutana na mkandarasi nilizuiwa getini miezi miwili.

Kilichokizima kituo ni mkongo. Nyuzi za kioo zilipofukiwa ardhini miaka ya 1980 na 1990, jozi moja ikabeba simu nyingi kuliko mnara mzima. Hata hivyo maikrowevu hayajafa: wimbi hewani hukimbia karibu kasi kamili ya mwanga, wakati ndani ya kioo mwanga hukimbia kama theluthi mbili ya kasi hiyo, na katika muongo wa 2010 wafanyabiashara wa hisa walijenga upya njia za minara kati ya Chicago na New Jersey ili kuwahi kwa sehemu za sekunde. Ukurasa wa mwisho wa Kitabu cha 9 haujui hayo. Umeandikwa na mkono mwingine: mizigo yote imehamishwa, mitambo imezimwa 06:40, taa za mnara zimeachwa zikiwaka.

Mwaka wa tatu mvutano ukaisha na tarehe ya kushusha pembe ikapangwa. Nilikuwa na jambo moja lililobaki. Kituo jirani cha magharibi nilikuwa nimekifikia kwa viwianishi vya leseni. Mnara wake ulishaondoka zamani, imebaki misingi minne na vipande vya bolti, na safari hii nilikuwa na michoro ya kuthibitisha. Lakini nilitaka kuona. Katika kilomita 48 mgongo wa dunia unainuka katikati kama mita 34 mbele ya wimbi, na juu ya hapo wimbi la gigahezi 4 linahitaji nafasi: duara la kwanza la njia yake lina nusu kipenyo cha mita 30 hapo katikati. Kwa hesabu zangu, mtu aliyesimama chini kwenye misingi ile angeuona mnara wetu kwa shida, lakini angeuona.

Tulingoja siku iliyofuata mvua, hewa ikiwa imeoshwa. Mwenzangu alipanda kwenye jukwaa la pembe ya magharibi na kioo cha kuogea tulichokitoa ukutani kwake. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ziwa na darubini, nimeegemea msingi wa kaskazini ili mikono isitetemeke. Jua lilikuwa limeshaelekea nyuma yangu, saa kumi na robo alasiri. Alitikisa kioo dakika ishirini bila mimi kuona kitu. Nilimpigia mara tatu nikimwambia kulia kidogo, chini kidogo, bila kujua namwelekeza wapi.

Kisha kikawaka. Nukta moja, nyeupe, kali kuliko nilivyotegemea, juu kidogo ya ukingo wa kilima, ikazima, ikawaka tena. Nilimwambia kwenye simu, "Simama hapohapo," sauti ikinikwama. Nikaweka alama ya mahali, nikahesabu uelekeo wa kurudi: 82. Nikauandika kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa nakala ya Kitabu cha 9, na saa: 16:41.

Siku sita baadaye tulishusha pembe, ya mashariki kwanza, kisha ya magharibi. Kila bolti ilikuwa na namba ya chaki.